Kiti cha dereva kimebonyea upande wa mlango: nijaze godoro au ninunue kingine?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Korogwe. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998. Injini na gia hazina shida, lakini kiti cha dereva kimenishinda. Kimelala upande wa mlango, nikikaa najikuta nimeinamia kulia, na nikifika Dar kiuno kinauma kiasi kwamba nashuka nimeshikilia mlango. Nimeweka mto, haukusaidia. Fundi mmoja hapa mjini anasema atapasua kava pembeni achomeke kipande cha godoro. Mwingine ananiambia ninunue kiti kizima cha mtumba. Nifuate lipi? Na nikishaanza kukitengeneza, nishone kabisa ngozi ya bandia?

Marahaba, mwalimu. Waambie wote wawili wasubiri kwanza. Wa godoro anataka kutibu kitu ambacho hajakiona. Wa kiti kizima huenda ana haki, ila hawezi kujua kabla kiti chako hakijafunguliwa. Kiti kilichobonyea hutengenezwa kuanzia chini kwenda juu, na mara nyingi ile sponji tunayoilaumu imekufa kwa sababu kilichokuwa chini yake kililegea mapema.

Kikalio cha gari kama yako kina matabaka matano. Chini ni fremu ya bati, nayo imekaa juu ya reli mbili. Ndani ya fremu kuna springi, na kwa magari mengi ya Japani ya miaka hiyo si zile za kuzunguka kama za godoro la zamani. Ni waya mnene uliopindwapindwa, umevutwa kutoka mbele hadi nyuma, na ncha zake zimeingia kwenye ndoano zilizovalishwa plastiki. Juu ya springi hulazwa kitambaa kigumu, gunia au feliti, ambacho kazi yake ni kuzuia waya usiume sponji. Ndipo ije sponji yenyewe. Hiyo haikukatwa kwenye bamba. Ilimiminwa kwenye kalibu ikatoka na umbo lake lote, pamoja na nyaya nyembamba zilizopita ndani yake. La mwisho ni kava, nalo limevutwa likaingia kwenye mifereji ya sponji na kufungwa kwenye zile nyaya kwa pete ndogo za chuma.

Sasa kwa nini upande wa mlango? Huku kwetu usukani uko kulia, na dereva huingia kwa mguu wa kushoto, kisha anaangushia uzito wote kwenye ukingo wa kulia wa kiti kabla hajajisogeza katikati. Akishuka anausukuma ukingo uleule kwa paja. Piga hesabu ya kila kituo, kila duka, kila mara ulipomshusha mtoto shuleni, tangu 1998. Kiti cha abiria hakijapitia robo ya mateso hayo. Wenzetu wa Burundi na Kongo wenye magari ya usukani wa kushoto hukuta ugonjwa huohuo, ila kushoto.

Ukingo ukibonyea, springi ya mwisho upande huo ndiyo inayobeba zaidi. Ile plastiki ya kwenye ndoano inapasuka, waya unaanza kusugua chuma kwa chuma, gunia linatoboka, na waya unaingia kwenye sponji na kuikata taratibu kila gari inapopita kwenye tuta. Fundi anayechomeka godoro juu ya hali hiyo anaupa waya chakula kipya. Baada ya miezi michache utarudi kwake, na safari hiyo kava litakuwa limeshapasuliwa.

Kabla ya yote, toa huo mto. Mto usiofungwa huteleza unapokanyaga breki, na kwenye ajali unamruhusu mtu kuteleza kwenda mbele chini ya mkanda, ule unaopita kiunoni ukapanda tumboni. Pia unakuinua wewe bila kuinua egemeo, kwa hiyo mgongo wako unakutana na egemeo mahali pasipokusudiwa. Ndiyo maana haukukusaidia.

Upimaji wa kwanza hauhitaji spana. Egesha gari mahali tambarare, chukua rula ndefu au ubao ulionyooka, ulaze juu ya kikalio kutoka ukingo hadi ukingo, kisha upime kutoka ubao hadi kwenye kitambaa katikati na pembeni. Fanya hivyohivyo kwenye kiti cha abiria, maana hicho ndicho kipimo chako cha kiti kizima. Halafu ingiza mkono chini ya kiti ukipapase, taratibu, maana bati la huko lina makali. Springi zote zimekaza sawa, au kuna moja inayoning'inia? Inua zulia kidogo uangalie sakafu. Ukikuta unga wa manjano au wa kahawia unaofanana na makombo ya mkate mkavu, hiyo ni sponji inayosagika, na hakuna mvuke wala maji ya moto yatakayoirudisha. Sponji iliyolala tu bila kusagika unaweza kuifufua kidogo kwa mvuke wa birika ukiipigapiga kwa kiganja, lakini mimi huifanya hiyo kama nyongeza tu ya matengenezo.

Kitu kingine ambacho watu hukiruka: kamata kiti juu ya egemeo kwa mikono miwili, ukitikise mbele, nyuma na pembeni. Kikicheza na kugonga, tatizo lako lina sehemu ya pili kwenye reli, kwenye kilazio cha egemeo au kwenye bolti za sakafuni. Nimeona viti vilivyojazwa sponji nzuri kabisa vikaendelea kulala upande mmoja kwa sababu reli ya nje ilikuwa imelika. Na kama kiti chako kina kirungu cha kupandisha na kushusha, kipandishe hadi juu ukikalie mtu akiwa anaangalia kwa pembeni, maana mitambo hiyo nayo huchoka upande mmoja.

Tuseme reli ziko salama, tunakitoa. Hapa kuna jambo la usalama ambalo sitaki ulipite haraka. Angalia ubavu wa egemeo upande wa mlango kama kuna kitambulisho kilichoandikwa SRS AIRBAG, yaani mfuko wa hewa wa kukukinga kwenye ajali, na angalia chini ya kiti kama kuna soketi ya waya ya rangi ya njano. Corolla nyingi za toleo lako hazina mfuko wa hewa wa kitini, lakini nyingine zina mkanda wa kujikaza wenyewe kwa baruti ndogo, na viti hubadilishwa njiani bila mwenye gari kujua. Ukikuta njano yoyote, zima gari, toa waya wa hasi wa betri, usubiri angalau sekunde 90 kabla hujagusa soketi hiyo. Usipime waya wa njano kwa mita ya umeme, na usiwashe swichi ya gari soketi ikiwa imechomolewa, maana taa ya tahadhari itawaka na itabaki inawaka. Kwa mwenye kiti cha umeme, sogeza kiti kwanza ndipo utoe betri. Nimeitwa mara nyingi na watu waliofanya kinyume, wakabaki na kiti kilichofunika bolti zake chenyewe.

Bolti ni nne, na kwa Toyota nyingi ni soketi namba 14. Vua vifuniko vya plastiki. Sukuma kiti mbele kabisa, fungua mbili za nyuma. Kirudishe nyuma kabisa, fungua mbili za mbele. Kilaze nyuma uchomoe waya wa taa ya mkanda. Kabla ya kukitoa mlangoni, zungushia ncha za reli matambara, kwa kuwa zina grisi na zina makali, na mikwaruzo kwenye kizingiti cha mlango ndiyo alama ya kazi ya haraka. Wakati sakafu iko wazi, angalia matundu ya bolti kama kuna kutu. Sakafu iliyooza ni habari nyingine kubwa kuliko sponji, na kiti kisirudi juu yake kabla haijashughulikiwa.

Laza kiti juu ya turubai, kichwa chini. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa kona. Chini utaona kingo za kava zimemalizikia kwenye ukanda wa plastiki wenye mdomo wa ndoano, umebanwa kwenye fremu. Uchomoe kwa bisibisi bapa. Kisha geuza kava taratibu kama unavyovua soksi, na utakutana na zile pete za chuma ndani ya mifereji. Zikate kwa plaizi ya kukatia. Usivute kwa nguvu, kwa sababu zile nyaya za ndani ya sponji zikichomoka zinaondoka na nyama yake.

Springi sasa ziko mbele yako. Iliyotoka kwenye ndoano irudishe, lakini usiirudishe chuma kwa chuma. Vika ncha yake kipande cha mpira wa bomba la petroli kilichopasuliwa upande mmoja. Kinanyamazisha mlio na kinadumu. Ndoano iliyofunguka ibane kwa plaizi. Springi iliyokatika usikubali ichomelewe. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto, na moto wa kuchomelea unaharibu ugumu huo, kwa hiyo itakatika tena sentimita chache kutoka kwenye kovu la kuchomelea, pengine ikiwa imekuelekea wewe. Tafuta springi ya aina hiyo kwenye kiti kilichokufa cha gari jingine. Unene na urefu zikilingana, haijali imetoka Toyota au Nissan.

Ukikosa, kuna njia ya mikanda. Mafundi wengi hufunga vipande vya tyubu chini ya springi kutoka ubavu mmoja wa fremu hadi mwingine. Tyubu ya lori ni nene na inafaa, ukiikata upana wa vidole vitatu na kuivuta ikaze, siyo ikaze hadi ikonde. Inafanya kazi vizuri. Kasoro yake ni joto: gari inayoegeshwa juani inaulegeza mpira, na mafuta au grisi ikiudondokea unaoza. Mimi napendelea kuchanganya. Mkanda mmoja wa kitambaa cha mkanda wa usalama kutoka gari lililokatwa, upite chini kabisa kama mpaka wa mwisho, ukiwa umelegea kiasi cha kidole. Kisha tyubu mbili juu yake zenye kunesa. Mkanda wa usalama hauvutiki, kwa hiyo ukiukaza peke yake utakuwa umekalia benchi.

Fremu yenyewe ikiwa na ufa, angalia ufa uko wapi. Ufa kwenye ukingo wa bati la mbele unaweza kuchomelewa na fundi mwenye mkono mwepesi, kiti kikiwa kitupu kabisa, bila sponji wala kava karibu. Sponji ya polyurethane inashika moto kwa kasi na moshi wake ni sumu. Ufa ulio karibu na pingili la kufungia mkanda, au kwenye bawaba ya egemeo, hauchomelewi. Hapo fundi wako wa pili atakuwa ameshinda: nunua kiti kingine.

Gunia ni kazi rahisi na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Wewe uko mkoa wa Tanga, huwezi kukosa gunia la katani. La jute linalobebea kahawa nalo linafaa, au turubai la pamba, au suruali kuukuu ya jinzi iliyokunjwa mara mbili. Usitumie kiroba cha salfeti, kwa maana kinapiga kelele kila unapojisogeza, hakipitishi hewa, na waya unakipasua kama karatasi. Lishone kwenye springi kwa shazia na uzi wa nailoni, mishono michache kila upande, ili lisitembee.

Hapo ndipo tunafika kwenye sponji, na hapa nitakaa kidogo.

Sponji hupimwa kwa uzito wake, kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo. Godoro jepesi la bei ya chini huwa na kilo 20 hivi au pungufu. Kwa kiti cha dereva tafuta ya kuanzia kilo 45, na ukiipata ya 50 au 55 usiiache. Muuzaji atakubonyezea kipande mbele yako akwambie, “Hii ngumu, mzee.” Ugumu siyo uzito. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu siku ya kwanza, ikalala baada ya mwezi, wakati nzito inaweza kuwa laini na ikadumu miaka. Kwa kuwa hakuna lebo kwenye vipande vya mitaani, beba kisu na utafute mizani ndogo ya duka. Kata mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uupime. Huo ni lita moja, kwa hiyo gramu zake ndizo kilo zake kwa mita ya ujazo: ukisoma gramu 50, umepata sponji ya kilo 50, ukisoma gramu 18, hilo ni godoro, mrudishie. Kama mizani haisomi kiasi kidogo, pima kipande cha sentimita 30 kwa 30 chenye unene wa 10. Cha kilo 50 kitasoma gramu 450.

Kwa ukingo wa mlango ninatumia ile sponji ya rangirangi iliyotengenezwa kwa mabaki yaliyosagwa na kubanwa pamoja. Ni nzito, ni ngumu, na mtu akikaa juu yake moja kwa moja ataichukia, lakini kama mfupa ndani ya ukingo haina mpinzani. Kama huipati Korogwe au Tanga mjini, ukipita Dar ulizia kwa mafundi wa makochi Keko. Mabaki yanatosha, huhitaji bamba zima.

Geuza sponji ya kiti, mgongo wake uangalie juu, ufanye kazi kutoka chini. Uso wake wa juu ni kitu usichoweza kukitengeneza upya nyumbani: umbo la makalio, mifereji ya kava, lile ganda laini lililotoka kwenye kalibu. Hivyo vyote unaviacha. Weka alama kwa kalamu kuzunguka sehemu iliyokufa, upande wa kulia wa kiti, ambao sasa kwa kuwa umekigeuza uko kushoto kwako ukikitazama kutoka nyuma. Andika “mlango” kwa kalamu kabisa. Nimeshaona shimo safi likikatwa upande usio na ubovu na fundi mwenye uzoefu kunizidi umri. Kisha kata kwa kisu kirefu cha mkate, ukivuta bila kushindilia, uchimbe hadi ubakishe sentimita mbili au tatu za ganda la juu. Ukikutana na waya wa ndani, uzungukie, usiukate.

Sasa kata kipande kipya kwa umbo la shimo, kikiwa kimezidi nusu sentimita kila upande ili kiingie kwa kubanwa. Kwa urefu kizidi kidogo, nusu sentimita hadi moja juu ya usawa wa zamani, kwa maana kitatulia wiki za mwanzo. Usizidishe. Ukiinua sentimita tatu utajisikia mfalme gereji, halafu barabarani utakuta kichwa kiko karibu na dari, miguu inabonyeza pedali kwa kisigino kilichoning'inia, na mshono wa kava unaanza kuachia ndani ya mwezi. Umbo la mteremko wa ukingo unalipata kwa msasa mkali, ukisugua upande mmoja, na unga wake uufanyie nje ukiwa umefunika pua.

Gundi ni ile ya kopo wanayotumia mafundi viatu na makochi. Paka nyembamba pande zote mbili, subiri hadi ukigusa kwa kidole isivute nyuzi, ndipo ubandike, na uwe na uhakika, maana ikishika haikupi nafasi ya pili. Fanyia uwanjani, mbali na jiko na sigara. Paka kwenye kuta za shimo na usipake dari yake, yaani lile ganda la juu, kwa kuwa gundi iliyokauka inageuka bamba gumu na utalihisi kila siku chini ya paja. Ganda litashikwa na kava lenyewe.

Kabla hujarudisha kava, rudisha sponji kwenye fremu, weka kitambaa juu, ukalie. Ndiyo, kiti kikiwa chini uwanjani. Mwite mtu akutazame kwa nyuma aone mabega yako yako sawa. Kurekebisha hapo ni dakika chache; kurekebisha baada ya kufunga pete zote ni nusu siku.

Kava likiwa nje, lifue. Lina miaka mingi ya jasho na vumbi, na hutapata nafasi nyingine kama hii. Maji ya vuguvugu, sabuni ya unga kidogo, brashi laini, kivulini likauke kabisa. Mahali lilipochanika ukingoni bandika kwa ndani kipande cha kitambaa imara kisha ushone kwa mkono. Badala ya pete za chuma zilizokatwa unaweza kutumia waya laini wa kufungia nondo, ukipinda ncha ziangalie chini kwenye sponji, kwa sababu ncha iliyoachwa juu itakutafuta siku utakapovaa suruali nyepesi. Anza kufunga mfereji wa katikati, ndipo pembeni, mwisho kingo za chini. Juani kitambaa kinalainika na kuvutika vizuri zaidi, kwa hiyo kazi hiyo ifanye mchana.

Kurudisha kiti, ingiza bolti zote nne kwa mkono kwanza, hakuna inayokazwa kabla zote hazijashika nyuzi. Kisha kaza sawasawa. Kwa Toyota nyingi kipimo cha kukaza ni Nm (nyutoni-mita) 37 hivi. Kama huna spana ya kipimo, kaza kwa mkono mmoja wenye nguvu kwenye mpini wa kawaida, bila bomba la kurefushia. Safisha reli, toa sarafu na maganda ya karanga, paka grisi kidogo. Telezesha kiti mbele na nyuma usikilize: reli zote mbili lazima zijifunge pamoja. Reli moja ikijifunga na nyingine ikabaki, kiti kimekaa mshazari, legeza bolti ukirudie, na usiendeshe kikiwa hivyo. Mwisho panga upya vioo vyote, kwa maana macho yako yamepanda.

Kuhusu kiti cha mtumba: siyo wazo baya, kama reli zimelika au fremu ina ufa mahali nilipokutajia. Ila wauzaji wengi huonyesha kava, na kava ndicho kitu rahisi kuliko vyote kwenye kiti. Kigeuze. Tafuta ule unga wa manjano, tafuta kutu kwenye springi, nusa. Kiti cha gari lililozama kwenye mafuriko hakisahau. Bonyeza ukingo wa upande wa mlango kwa ngumi, ulinganishe na ule wa ndani. Pima matundu ya bolti kwa rula dhidi ya kiti chako, hata kama muuzaji anaapa kuwa ni cha 110. Kuna ujanja mmoja wa bei nafuu pia: muulize kama anacho kiti cha abiria. Sponji ya kikalio cha abiria hukaliwa kidogo, na kwenye magari mengine inaingia upande wa dereva, au inafanana kiasi cha kukatia vipande. Fungua zote mbili uzilinganishe kabla hujalipa, kwa sababu kwenye magari mengine matundu ya pingili la mkanda yanazitofautisha.

Mwenye Mercedes W123 au Volkswagen ya mgongo wa kobe asinifuate neno kwa neno. Viti vyao vina sanduku la springi za kuzunguka na tabaka la nywele za farasi au nyuzi za nazi zilizoshikwa kwa mpira. Ugonjwa ni uleule, springi za upande wa mlango hukatika kwanza, lakini pale unabadilisha springi moja moja na tabaka la nyuzi linajazwa kwa nyuzi za aina yake. Sponji peke yake humo hulala haraka.

Na kama safari ya Dar ni kesho na huna muda wa haya yote, kuna njia ya kuvuka. Sogeza kiti mbele kabisa, kaa kiti cha nyuma, ingiza mkono kwenye uwazi ulio kati ya kikalio na egemeo, na utelezeshe kipande cha sponji ngumu ya rangirangi, unene wa sentimita mbili, kati ya springi na sponji ya zamani upande wa mlango. Hakikisha hakigusi waya wa mkanda wala hakiingii kwenye reli. Hakuna kava linalopasuliwa, na kinatoka siku utakapofungua kiti kwa utulivu.

Kiuno chako mimi siwezi kukipima, mwalimu. Kiti kilicholala upande mmoja kinatosha kuuchosha mgongo kwa safari ya saa nyingi, lakini maumivu yakishuka mguuni au mguu ukifa ganzi nenda hospitali, usisubiri kiti kikamilike. Na pochi ya mfuko wa nyuma, kama unakaa juu yake, itoe. Nimewahi kuwatengenezea watu viti vilivyokuwa vizima.

Ngozi ya bandia sasa. Kwa joto la Korogwe nisingeishona upande wa kukalia. Inaunguza mapaja gari ikishinda juani, inashika jasho, na kwa sababu haipumui, sponji ikibonyezwa inatoa hewa kwenye mishono na kuifungua. Kama unaitaka kwa ajili ya usafi, ishone ubavuni na nyuma ya egemeo, sehemu ya katikati uweke kitambaa kinachopitisha hewa, na ukingo wa mlango uwe wa ile ngozi nene yenye kitambaa nyuma, maana ndipo msuguano ulipo. Mwambie fundi makochi asikate chochote kabla sponji haijarekebishwa na kukaliwa wiki mbili, ili apime kava juu ya umbo lililotulia. Na kama mtihani wa SRS pale juu ulikuonyesha kitambulisho, ubavu wa egemeo upande wa mlango usishonewe wala kuvalishwa kitu cha ziada kabisa.